Hesabu mpya ya wakurugenzi wa michezo vyuoni Marekani na hatima ya wanariadha wa Kenya

MNAMO Juni 2025, Chuo Kikuu cha Washington State, kilichoko katika mji mdogo wa Pullman kaskazini-magharibi mwa Marekani, kilitangaza kwamba timu yake ya riadha haitakuwa tena na warushaji wala warukaji. Mkuki, kisahani, tufe na kuruka juu vikafutwa. Mbio za masafa mafupi na zile za kuruka viunzi zikapunguzwa. Kilichobakishwa kwa nguvu zote ni mbio za masafa marefu.

Jina la chuo hicho si geni kwa Wakenya wa umri fulani. Samson Kimobwa alikuwa mwanafunzi hapo alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka wa 1977. Mwaka uliofuata, mwanafunzi mwenzake, Henry Rono, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Hakuna aliyefanya hivyo kabla yake wala baada yake. Kwamba chuo hicho kimeamua kubaki na mbio ndefu na kutupilia mbali mengine kungeweza kuonekana kama heshima kwa kumbukumbu ya wanariadha hao. La hasha. Uamuzi huo ulikuwa wa hesabu, na anayepiga hesabu hiyo katika kila chuo cha Marekani ni afisa ambaye jina lake halijulikani sana nje ya nchi hiyo, yaani mkurugenzi wa michezo.

Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, anayesimamia michezo ni afisa wa idara ndogo ambaye sehemu kubwa ya muhula huimaliza akitafuta basi na mafuta ya kuwapeleka wachezaji mashindanoni. Mwenzake wa Marekani ni mtu wa tabaka jingine kabisa. Katika vyuo vikubwa, bajeti anayoisimamia huwa mamia ya mamilioni ya dola. Idara ya michezo ya Chuo Kikuu cha Texas imewahi kuingiza zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka mmoja. Mshahara wake mwenyewe, katika vyuo hivyo, hupita dola milioni moja. Yeye ndiye anayewaajiri makocha na kuwafuta, anayewabembeleza wahitimu matajiri wachange fedha za kujenga viwanja, anayehakikisha sheria za usawa wa kijinsia zimefuatwa, na anayeamua ni mchezo gani utaendelea kuwepo na upi utazikwa.

Fedha zenyewe hazitoki kila mahali. Hutoka katika michezo miwili tu: futiboli ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa mikono na kofia ngumu, na mpira wa vikapu wa wanaume. Michezo hiyo hujaza viwanja na kuuzwa kwa televisheni. Mingine yote, kuanzia uogeleaji na tenisi hadi mieleka na riadha, hula kutoka katika sahani hiyo. Chuo Kikuu cha Ohio State, kwa mfano, kina timu katika michezo 36. Hata hivyo, pamoja na utajiri wake na uwanja unaoingiza zaidi ya watu 100,000, idara yake ya michezo iliripoti nakisi ya karibu dola milioni 38 katika mwaka wa kifedha wa 2024. Ikiwa tajiri wa namna hiyo analia, maskini atafanyaje?

Asili ya mfumo huu ni ya zamani. Chama cha NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo, kilianzishwa mwaka wa 1906 baada ya vijana wengi kufa wakicheza futiboli, jambo lililomfanya Rais Theodore Roosevelt kuwaita wakuu wa vyuo na kuwataka waurekebishe mchezo huo. Kwa miongo mingi, chama hicho kilishikilia imani moja: mwanafunzi anayecheza si mfanyakazi, na malipo yake ni masomo. Imani hiyo haikuwa na tatizo kubwa wakati viingilio vilikuwa ndiyo mapato. Lakini mwaka wa 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba NCAA haikuwa na haki ya kuhodhi mauzo ya mechi za futiboli kwa televisheni. Vyuo na miungano yao ya kimashindano vikawa huru kuuza mechi zao vyenyewe. Tangu siku hiyo, fedha zilianza kuingia kama mafuriko. Mwaka wa 2022, muungano wa Big Ten ulitia saini mkataba wa televisheni wa miaka saba wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni saba.

Mafuriko hayaingii kila nyumba kwa kipimo kimoja. Chuo cha Washington State kilikuwa mwanachama wa muungano wa Pac-12, uliovikusanya vyuo vya pwani ya magharibi kwa zaidi ya karne moja. Mnamo 2022, vyuo viwili vya Los Angeles vilitangaza kuhamia Big Ten. Mwaka uliofuata, vyuo vya Colorado, Oregon, Washington na vingine vikafuata mkondo huo, kila kimoja kikikimbilia penye fedha za televisheni. Kufikia kiangazi cha 2024, vyuo 10 kati ya 12 vilikuwa vimeondoka. Viwili pekee, Washington State na Oregon State, viliachwa vikilinda boma tupu. Hakuna aliyesema vilikuwa vibaya uwanjani. Kosa lao lilikuwa kuwa mbali na miji mikubwa yenye watazamaji wengi.

Ni vyema kutazama jinsi wakurugenzi wenye fedha wanavyozitumia, kwa sababu hapo ndipo mtu huanza kuelewa kwa nini mrusha mkuki wa Pullman alikosa nafasi. Mwishoni mwa 2017, mkurugenzi wa michezo wa Chuo cha Texas A&M, Scott Woodward, alimwajiri kocha wa futiboli Jimbo Fisher kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 75. Woodward akaondoka mwaka wa 2019 na kurejea katika chuo alikosomea, Louisiana State. Mkurugenzi aliyemrithi Texas A&M akaurefusha mkataba wa Fisher mwaka wa 2021. Miaka miwili baadaye, Novemba 2023, chuo kikamfuta kocha huyo kwa kutoshinda vya kutosha, na kwa mujibu wa mkataba kikawa kinadaiwa zaidi ya dola milioni 75, ambazo ni zaidi ya Sh9 bilioni, ili asifanye kazi.

Mtu angetarajia kwamba kisa hicho kingekuwa funzo. Wakati huo, Woodward alikuwa tayari amemwajiri kocha mwingine, Brian Kelly, kule Louisiana kwa mkataba wa miaka 10 wa takriban dola milioni 95. Oktoba 2025 Kelly naye akafutwa, huku chuo kikikabiliwa na deni la zaidi ya dola milioni 50. Gavana wa jimbo hilo, Jeff Landry, alijitokeza hadharani kulalamikia mikataba ya aina hiyo na kusema kwamba Woodward hangeruhusiwa kumchagua kocha mpya. Siku chache baadaye, Woodward aliondoka kazini.

Kwa haki, Woodward hakuwa mzembe. Makocha wengine aliowaajiri waliishindia Louisiana State ubingwa wa kitaifa wa mpira wa vikapu wa wanawake mnamo 2023 na wa besiboli mwaka huo huo, kisha besiboli tena mnamo 2025. Lakini mkurugenzi wa michezo hahukumiwi kwa besiboli. Wala hahukumiwi kwa mbio za nyika. Anahukumiwa Jumamosi moja baada ya nyingine katika msimu wa vuli, na wanaomhukumu ni wahitimu matajiri, wanasiasa na mashabiki ambao hawajawahi kusoma ripoti yake ya fedha. Kwa hivyo, anapoulizwa achague kati ya kuongeza mshahara wa kocha wa futiboli na kuilinda timu ya uogeleaji, jibu lake linajulikana kabla hajafungua kinywa.

Ndipo mahakama ikaingia kwa mara nyingine. Mwaka wa 2021, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba NCAA ilivunja sheria za ushindani kwa kuzuia baadhi ya marupurupu ya wanamichezo yanayohusiana na masomo. Mnamo Julai mwaka huo, wanamichezo wakaruhusiwa kuuza majina na picha zao kwa kampuni za matangazo. Hatimaye, Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken wa mahakama ya California aliidhinisha maafikiano katika kesi iliyopewa jina la mwogeleaji Grant House. Chini ya maafikiano hayo, takriban dola bilioni 2.8 zitalipwa kwa muda wa miaka 10 kwa wanamichezo waliocheza tangu 2016. Aidha, kuanzia Julai 1, 2025, kila chuo kilichokubali kiliruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka, yaani takriban Sh2.6 bilioni, kiwango ambacho kimepangwa kupanda.

Haki ilikuwa imechelewa mno. Kijana aliyejaza uwanja wa watu 100,000 huku kocha wake akilipwa mamilioni alikuwa na kila sababu ya kudai fungu lake. Lakini anayefungua hundi ni mkurugenzi wa michezo, naye hakuongezewa mapato ya kulipa deni hilo jipya. Vyuo vingi vimefuata mgawo unaokaribia huu: robo tatu ya fedha kwa futiboli, asilimia 15 kwa mpira wa vikapu wa wanaume, asilimia tano kwa wanawake wa mchezo huo huo, na asilimia tano kwa wengine wote. Mwogeleaji aliyeipa kesi jina lake yumo katika kundi hilo la mwisho.

Yapo maswali ya kisheria kuhusu mgawo huo. Sheria inayojulikana kama Title IX, ya mwaka wa 1972, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu. Mnamo Januari 2025, serikali ya Rais Joe Biden iliyokuwa ikiondoka ilitoa mwongozo uliosema malipo hayo yanapaswa kugawanywa kwa uwiano kati ya wanaume na wanawake. Mwezi uliofuata, serikali ya Rais Donald Trump ikaufuta. Julai mwaka huo Trump mwenyewe akatoa agizo akivitaka vyuo vyenye mapato makubwa kulinda na kuongeza ufadhili katika michezo ya wanawake na ile isiyoingiza fedha. Kutoa agizo ni rahisi. Agizo lenyewe halikuja na senti.

Walio chini kabisa wameanza kujiondoa. Chuo Kikuu cha Saint Francis cha Pennsylvania kiliifikisha timu yake ya mpira wa vikapu katika mashindano makuu ya kitaifa mnamo Machi 2025. Siku chache baada ya timu kutolewa, chuo kikatangaza kwamba kingeteremka hadi daraja la tatu, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Wenye kumbukumbu watataja pia Chuo cha Stanford, ambacho mwaka wa 2020, wakati wa janga la Covid-19, kilitangaza kufuta michezo 11 kisha kikabadilisha nia mwaka uliofuata baada ya wahitimu kupiga kelele na kuahidi fedha. Stanford ina wahitimu wenye fedha. Vyuo vingi havina.

Katika mazingira hayo ndipo kitendawili cha Pullman kinapoteguka. Kanuni za NCAA zinakilazimu chuo kinachotaka kusalia katika daraja la juu kabisa la futiboli kuwa na timu katika michezo isiyopungua 16. Katika hesabu hiyo, mbio za nyika ni mchezo mmoja, riadha ya ukumbini wakati wa baridi ni mchezo wa pili, na riadha ya uwanja wa wazi ni wa tatu. Ukiwahesabu wanaume na wanawake kando, hiyo ni michezo sita. Mkimbiaji wa mita 10,000 anaweza kushiriki yote mitatu ya upande wake. Mrusha tufe hawezi kukimbia mbio za nyika. Isitoshe, mkimbiaji anahitaji viatu, barabara ya vumbi na kocha mmoja, ilhali mrukaji anahitaji magodoro, vifaa na mwalimu wa fani yake. Kwa mkurugenzi anayetafuta michezo mingi kwa gharama ndogo, wakimbiaji wa masafa marefu ni neema.

Hilo linaeleza pia kwa nini vijana wa Kenya wamekuwa na thamani katika vyuo hivyo kwa nusu karne. Mike Boit alipitia Eastern New Mexico na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Paul Ereng alikuwa mwanafunzi wa Virginia, na Peter Rono wa Mount St. Mary's, walipotwaa dhahabu za mita 800 na 1,500 katika Olimpiki za Seoul mwaka wa 1988. Sally Kipyego alishinda mataji tisa ya vyuo akiwa Texas Tech kabla ya kunyakua fedha ya mita 10,000 mjini London mwaka wa 2012. Edward Cheserek alikusanya mataji 17 akiwa Oregon. Sharon Lokedi, bingwa wa Boston Marathon wa 2025, alitokea Kansas. Juni 2025, katika mashindano ya vyuo mjini Eugene, Doris Lemngole wa Alabama alitumia dakika 8:58.15 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akawa mwanafunzi wa kwanza wa kike kushuka chini ya dakika tisa, naye Pamela Kosgei wa New Mexico akashinda mita 5,000 na 10,000.

Kwa kutazama orodha hiyo, mzazi wa Iten au Kapsabet anaweza kudhani kwamba mlango u wazi kuliko wakati wowote. Kwa kiasi fulani ni kweli. Maafikiano ya 2025 yaliondoa kikomo cha idadi ya ufadhili katika vyuo vilivyoyakubali. Zamani timu ya riadha ya wanaume ilikuwa na ufadhili kamili 12.6 tu, ambao makocha waliukatakata vipande na kuwagawia vijana wengi. Sasa chuo kinaweza kumfadhili kila aliye timuni. Lakini mahali pa kikomo hicho pamewekwa kingine: timu ya mbio za nyika isizidi watu 17, na ya riadha watu 45. Kocha mwenye nafasi 17, ambaye mkurugenzi wake anasubiri sababu ya kuifunga timu, hana subira ya kumlea mvulana wa miaka 18 mwenye kipaji kibichi. Anamtaka aliyekwisha kukomaa, anayeweza kushinda msimu huu.

Matokeo yake ni ushindani mkali wa kuwatafuta wakimbiaji wa Bonde la Ufa walio katika miaka yao ya ishirini, huku Wamarekani wakilalamika kwamba watoto wao wa shule za upili wanafungiwa nje. Malalamishi hayo yalisikika hata enzi za Rono, lakini wakati huo hayakuwa na kikomo cha watu 17 cha kuyapa makali. Mkurugenzi anayepokea barua za wazazi wapiga kura, wahitimu na wabunge wa jimbo atayasikiliza kwa namna ambayo wenzake wa miaka ya 1970 hawakuhitaji.

Lipo jambo jingine ambalo mawakala wanaozunguka katika kambi za mazoezi hawalitaji mara nyingi. Viza ya mwanafunzi wa kigeni nchini Marekani inabana sana kazi ya malipo nje ya chuo. Kwa hivyo, fedha za matangazo ambazo Mmarekani anaweza kuzitia mfukoni, mwenzake Mkenya akizipokea akiwa katika ardhi ya nchi hiyo anaweza kuhatarisha viza yenyewe. Malipo mapya ya moja kwa moja kutoka vyuoni nayo yamezua wasiwasi uo huo miongoni mwa mawakili. Mkenya anashindana na Mmarekani kwenye mstari mmoja wa kuanzia, lakini malipo yake yanabaki kuwa yale ya mwaka wa 1978: karo, chumba na chakula.

Na ufadhili huo wenyewe si ahadi ya miaka minne kila mara. Vyuo vinaruhusiwa kutoa wa miaka mingi, lakini vingi vimezoea kuutoa mwaka kwa mwaka. Anayetia saini barua ya chuo huko Marekani anapaswa kuuliza muda ulioandikwa ndani yake, nini kitatokea akiumia goti, na nini kitatokea timu yenyewe ikifutwa. Swali la mwisho hakuna aliyelazimika kuliuliza zamani. Warushaji na warukaji wa Pullman hawakuliuliza. Walipewa nafasi ya kuhama au kubaki chuoni bila timu.

Rono hakukimbia katika Olimpiki hata mara moja, kwa kuwa Kenya ilisusia michezo ya 1976 na 1980. Aliishi Marekani kwa miaka mingi, mingine ikiwa ya shida kubwa, akarejea nyumbani mwaka wa 2019 na kufariki jijini Nairobi Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 72. Chuo chake kingali kinatafuta wakimbiaji wa masafa marefu. Vyuo vya magharibi vilivyokubali kujiunga na Pac-12 iliyofufuliwa vilipanga kuanza pamoja Julai 2026, na fedha za televisheni za muungano huo mpya, ambazo haziwezi kulinganishwa na zile za Big Ten, ndizo zitakazoamua kama hesabu iliyookoa mbio ndefu mnamo 2025 itarudiwa au itapigwa upya.